Zamu ya Nyumba Kubwa

Jambo ambalo msajili wa mahakama alituuliza lilikuwa dogo. Tulikuwa tumeketi asubuhi katika ofisi ya wakili hapa Kisumu, ghorofa ya pili, na msajili mwenyewe alikuwa Nairobi, uso wake kwenye kompyuta. Alisema majaji watatusikiliza kwa video, kwa namna hiyo hiyo. Upande wetu una dakika ishirini za kuzungumza. Na kwa kuwa tuna mawakili wawili, tukae chini tukubaliane nani ataanza na nani atafuata.

"Mkishaelewana mniandikie," akasema, akaita kesi nyingine.

Nasema "sisi" ingawa kesi haikuwa yangu. Ilikuwa ya wajane wawili wa jirani yangu wa upande wa Ahero, mtu niliyesali naye kanisa moja karibu maisha yangu yote. Mimi ndiye niliyeongoza ibada ya mazishi yake. Udongo wa kaburi ulikuwa haujaota nyasi wakati mfanyabiashara mmoja wa mjini alipofika na hati, akasema marehemu alimuuzia boma lote pamoja na mashamba ya mpunga. Sahihi ilikuwa ya marehemu. Pale nyumbani hakuna aliyewahi kusikia habari hiyo, si wake zake, si ndugu yake, si watoto.

Mahakama ya kwanza iliwapa wajane haki. Mahakama ya rufaa ikampa mfanyabiashara. Sasa ilikuwa imebaki mahakama ya juu kabisa, ambayo ikishasema hakuna mahali pengine pa kwenda. Wakishindwa wangetoka na watoto wao, na kaburi lingebaki ndani ya ardhi ya mtu mwingine. Hilo kila mtu alilielewa, hata wale wasiojua sheria.

Mawakili walikuwa wawili kwa sababu kesi ilipoanza wajane hawa hawakuwa wakizungumza. Kila mmoja alijitafutia wake. Mke mkubwa alimchukua mzee mmoja wa kwao alikozaliwa, mwanasheria wa siku nyingi mwenye sauti nzito, ambaye katika mazishi watu huvuta viti karibu anaposimama. Mke mdogo alimpata mwanamke kijana, binti wa wafanyabiashara waliohamia huku kutoka sehemu za kati za nchi. Alizaliwa Kaloleni, mtaa wa hapa hapa Kisumu, na Dholuo, lugha yetu, anaizungumza kama sisi. Akikasirika anaizungumza vizuri zaidi.

Ni huyo binti aliyetufikisha mahakama ya juu. Alinieleza kwamba majaji wa kule hawaanzi kesi upya wala hawaiti mashahidi. Wanakubali kukusikiliza tu ukiwa na swali linalogusa watu wengi kuliko wewe mwenyewe. Swali lake lilikuwa hili: mtu ambaye jina lake peke yake limeandikwa kwenye hati ya ardhi ya baba zake, je, anaweza kuuza boma wanamoishi wake zake na watoto wake bila wao kujua? Au anaishika kwa niaba yao?

"Mzee, mimi sisemi marehemu alikuwa mtu mbaya," aliniambia. "Nasema tu kwamba haikuwa yake peke yake. Hiyo ndiyo kesi yote. Hakuna nyingine."

Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Nilikuwa nimeona mawakili wengi ambao ukitoka ofisini mwao hujui walichosema.

Basi tukakutana nyumbani kwa marehemu ili kupanga. Mafuriko yalikuwa yameondoka na kuacha mstari wa matope ukutani, karibu na dirisha, na ndani ya nyumba kulikuwa bado na harufu ya maji yaliyolala. Aliyeongoza kikao ni kaka mkubwa wa marehemu. Mimi niliitwa kufungua kwa maombi, na pia kwa sababu wajane wote wawili walikuwa wakinisikiliza. Mawakili waliketi bega kwa bega, mzee akiwa na fimbo yake na binti akiwa na viatu vilivyojaa tope.

Binti akasema anaomba aanze yeye. Swali ni lake, majaji wataanza kuuliza papo hapo, na anayeulizwa ni yule aliyesimama. Akimaliza, mwenzake ataongeza.

Kaka wa marehemu akamgeukia.

"Wewe umeolewa?"

"Bado, Mzee."

"Ndiyo maana una haraka."

Watu wakacheka. Binti naye akacheka. "Na Mzee ameoa wangapi?"

"Mmoja tu. Kelele yake inanitosha."

Mke mkubwa hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu, kitambaa cheusi kichwani, mikono juu ya magoti. "Mimi sikatai huyu msichana aongee," akasema. "Anaongea vizuri, nimemsikia. Lakini katika boma hili, tangu niolewe, hakuna siku nyumba ya pili ilipanda kabla yangu. Haijavuna kabla yangu. Sasa leo, mbele ya wakubwa wa nchi, wakili wa nyumba ya pili ndiye atangulie?"

"Mama, pale hatupandi kitu," binti akasema kwa upole. "Pale si shamba."

"Ni shamba," kaka wa marehemu akasema. "Kama si shamba, basi sisi tunasumbua majaji kwa nini?"

Msomaji asiyetoka huku atashangaa. Kwetu nyumba ya mke wa kwanza ndiyo inayotangulia katika kupanda, katika kuvuna, hata katika kuonja mavuno mapya. Anayevunja utaratibu huo anasemekana kujiletea chira, yaani balaa linalomfuata mtu na watoto wake: wanakonda, wanaugua bila ugonjwa kujulikana, wanakufa. Kanisa limefundisha kinyume chake miaka mingi, na mimi mwenyewe nimefundisha. Watu wanaitikia amina, kisha mvua ikija, mke wa pili anasubiri.

Binti akamgeukia mteja wake. Nadhani alitegemea kwamba mke mdogo angesimama upande wake. Huyu alikuwa mwanamke mnyamavu. Kwa sababu ya ndoa yake, alikaa miaka mingi akija kanisani bila kuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana, akiketi benchi la nyuma na kuondoka bila lawama. Alipofiwa tukampokea. Sikuwahi kumsikia akisema neno kwa sauti ya juu.

"Wakili wa mama mkubwa aanze," akasema.

"Mama, unaelewa ninachoomba?"

"Naelewa, mama yangu. Lakini mimi nina watoto. Mmoja wao akiumwa kesho, sitaki waseme ni siku ile niliyomtangulia mkubwa wangu. Na sitaki mimi mwenyewe nikae usiku nikiliwaza hilo."

Binti akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama. Nikasema nilichokiamini, kwamba Mungu hamwadhibu mtoto kwa sababu ya nani alizungumza kwanza kwenye kompyuta, na kwamba wakili ni kama daktari, tumwache ashike kisu kwa mkono anaouzoea. Walinisikiliza kwa heshima. Mke mdogo akasema, "Asante, Baba," akainamisha kichwa. Hakubadilisha neno lake.

Wakili mzee ndiye aliyetaka kuleta amani. Alikuwa mtu mzuri, sitaki msomaji afikiri vingine. Akamshika binti begani. "Mwanangu, mimi nitafungua mlango tu. Wewe ndiwe utakayeingia."

"Sawa, Mzee. Lakini tafadhali usikae mlangoni."

Watu wakacheka tena, na kwa kicheko hicho mambo yakawa yameamuliwa. Dakika kumi za kwanza zikawa za nyumba kubwa na kumi za pili za nyumba ndogo. Binti aliandika barua kwa msajili jioni hiyo hiyo. Wakili hufuata neno la mteja wake, aliniambia tukienda barabarani, hata kama neno lenyewe limemkaa kooni.

Siku ya kusikilizwa tulikusanyika katika ofisi ya binti. Stima ilikuwepo, nikashukuru. Wajane waliketi ukutani nyuma ya mawakili, mimi katikati yao ili niwatafsirie kwa sauti ya chini, kwa kuwa majaji na mawakili wangezungumza Kiingereza. Kaka wa marehemu alikaa karibu na mlango na kofia yake mapajani. Majaji walipotokea kwenye skrini, mke mkubwa alisimama wima kama tulivyozoea kusimama kanisani, na binti akamwomba taratibu aketi, maana hawakuwa wakituona sote.

Wakili mzee akaanza. Akasalimu. Akaeleza anatoka wapi. Akamtaja marehemu kwa jina lake na la baba yake na la babu yake, akaeleza jinsi babu alivyokausha kinamasi kwa jembe kabla mifereji ya mpunga haijachimbwa, na kaburi liko upande gani wa boma. Sauti yake ilijaa chumba kile. Jaji aliyeongoza akamkumbusha kwamba swali lililo mbele yao ni moja. "Ninakuja huko, Waheshimiwa," akasema, na akaendelea na mambo ya boma.

Alisema marehemu alikuwa mtu kamili, bwana wa boma lake, aliyekuwa na neno la mwisho pale nyumbani, na mtu wa namna hiyo hawezi kuwauza wake zake kwa siri. Nafikiri alitaka kuonyesha kwamba ile sahihi haikuwa na ukweli ndani yake. Lakini hiyo haikuwa kesi tena. Habari ya sahihi ilikuwa imekwisha katika mahakama za chini.

Jaji mmoja akamkatiza. Hakuwa na ukali hata kidogo. "Wakili, nataka nikuelewe. Unasema marehemu alikuwa bwana wa boma lake. Je, kuhusu ardhi hiyo, palikuwa na mtu yeyote mwenye neno juu yake? Mtu ambaye ilibidi amwombe?"

Niliwatafsiria wajane swali hilo. Wakili mzee akageuza shingo kidogo, na najua alimwona mjane ameketi nyuma yake na kitambaa cheusi, na kaka wa marehemu mlangoni. Angesemaje? Kwamba mtu huyu, aliyezikwa kwa heshima na ukoo mzima, alipaswa kuwaomba wanawake ruhusa katika boma lake mwenyewe? Kwetu maneno hayo hayasemwi juu ya marehemu, na hayasemwi mbele ya mjane wake.

"Hakuna aliyekuwa juu yake, Waheshimiwa," akajibu. "Hata mmoja."

Nilitafsiri na hilo. Mke mkubwa akatikisa kichwa kukubali, akajifuta macho. Wakili kijana aliweka kalamu yake mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Mzee aliendelea mpaka jaji aliyeongoza akamwambia muda wake umekwisha kitambo, na kwamba amekula sehemu kubwa ya muda wa mwenzake. Binti akaanza haraka. Akasema mwenzake alikuwa akizungumzia heshima ya mtu nyumbani kwake, si uwezo wa kisheria juu ya ardhi. Jaji yule yule akamuuliza kama anaiondoa kauli ile.

"Ndiyo, Mheshimiwa, naomba kuifafanua."

"Kwa niaba ya mrufani yupi? Wewe unamwakilisha mrufani wa pili. Kauli ni ya wakili wa mrufani wa kwanza."

Binti akamgeukia mzee. Mzee angeweza kusema neno moja. Binti alimwonyesha kwa macho, akasogeza hata kipaza sauti upande wake. Mzee akainua mkono kidogo, kama mtu anayekataa chai ya pili. Hakuwa mkaidi. Hakuona ni kitu gani cha kurekebisha, kwa maana alikuwa amesema ukweli na kwa heshima. Binti akarudi kwenye karatasi zake, akasema aliyoweza kusema, akakatizwa katikati ya sentensi.

Wakili wa mfanyabiashara hakuhitaji muda wake wote. Alimshukuru wakili wa mrufani wa kwanza kwa uwazi wake.

Tulipotoka, mke mkubwa aliteremka ngazi kama mtu aliyepunguziwa mzigo. "Umesikia alivyomtaja baba wa watoto wetu?" akaniuliza. "Na babu yake? Mbele ya majaji wote. Hata wakitunyima, hilo limesemwa." Kaka wa marehemu akamshika wakili mzee mkono na hakumwachia mpaka barabarani. Mke mdogo alibaki nyuma kidogo.

"Tumeshinda?" akamuuliza wakili wake.

"Tungoje, Mama. Majaji wana maandishi yetu pia. Watayasoma."

Nilirudi juu kuchukua mwavuli wangu nikamkuta binti amesimama dirishani.

"Mzee, umeelewa kilichotokea?"

"Nimeelewa."

"Ningeanza mimi, lile swali lingenipata mimi. Ningejibu. Ningesema ndiyo, palikuwa na watu wa kuwaomba, na ni hawa wawili walioketi hapa. Mama yule angenichukia mpaka kufa kwake." Akakunja karatasi zake. "Lakini angefia nyumbani."

Nilimwombea pale pale, kimoyomoyo, na sijui kama alijua.

Hukumu ilichukua miezi. Wakati huo wote walipanda kama kawaida, na mpunga ulitoka vizuri mwaka ule. Nilipoitwa ofisini nilijua kwa namna binti alivyonivutia kiti. Aliniomba niende naye, kwa kuwa hakutaka kupeleka habari hiyo kwa simu.

Tuliketi katika chumba kile kile cha nyumbani kwa marehemu. Binti aliisoma sehemu ya mwisho na mimi nikaitafsiri. Rufaa imekataliwa. Mke mkubwa akauliza sababu. Binti akanitazama kana kwamba ananiomba ruhusa ya kunyamaza. Nilifikiri. Nimewafundisha watu maisha yangu yote kwamba ukweli hautolewi vipande. Nikachukua karatasi, nikasoma mahali majaji walipoandika kwamba swali la kama marehemu aliishika ardhi kwa niaba ya familia lilikuwa zito, na huenda siku moja mahakama italijibu, lakini katika kesi hii mrufani wa kwanza mwenyewe, kupitia wakili wake, alikubali kwamba hakuna mtu aliyekuwa na neno juu ya marehemu kuhusu ardhi hiyo. Nikaisema kwa Dholuo, neno kwa neno.

Kuku aliingia mlangoni na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa hiyo ni maneno ya wakili wangu," mke mkubwa akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ni kweli lakini. Hakuna aliyekuwa juu yake." Alilisema kwa utulivu. "Mlitaka aseme nini?"

Nilitegemea mke mdogo aseme kitu, na kama angepiga kelele siku hiyo nisingemlaumu. Alikuwa akiangalia mikono yake. Baadaye akasema, "Tutatoka lini?" Binti akamweleza. Mke mdogo akasema wakati huo unatosha kuvuna lakini hautoshi kukausha, na akatoka nje kwenda kuangalia mpunga.

Mfanyabiashara hakuwa mkatili. Aliwaacha wavune na waezue mabati yao. Siku ya kuhama, lori la kubeba miwa lilikuja kutoka upande wa Muhoroni, alikokuwa kaka yake mke mdogo, likiwa bado na maganda sakafuni. Vitu vya mke mkubwa vingeshushwa Kisumu, kwenye chumba cha kukodi cha mwanawe. Vya mke mdogo vingeendelea mpaka kwa kaka yake. Walikuwa wameishi boma moja tangu ujana wao, wakigombana na kupatana, na sasa kila mmoja alienda kufia mahali pake.

Binti alikuja akiwa amevaa gambuti, akabeba sufuria na magodoro na watoto. Wakili mzee hakuja. Nilisikia aliugua baada ya hukumu kutoka, na sikuuliza zaidi. Walipokaribia kumaliza, mke mkubwa alimwita binti, akamkabidhi kuku aliyefungwa miguu.

"Siku ile uliongea vizuri," akamwambia. "Ila uliongea haraka sana."

"Ndiyo, Mama."

"Mtu mkubwa haongei haraka."

"Ndiyo, Mama. Nimesikia."

Binti alimbeba kuku yule kifuani mpaka kwenye gari lake, na aliketi ndani muda mrefu kabla ya kuliwasha.

Lori lilipoondoka nilibaki peke yangu. Nyumba zilikuwa zimebaki kuta tupu, na mwanga uliingia mahali ambapo haukuwahi kuingia. Nilienda kaburini, nikavua kofia. Nilikuwa nimezoea kuanza maombi kwa shukrani, na siku hiyo nilisimama muda mrefu nikitafuta ya kushukuria. Mwishowe nilimshukuru Mungu kwa miaka ambayo wanawake wale walilala pale bila kujua lolote. Nikamwombea marehemu, ambaye alijua alichokifanya na hakumwambia mtu. Kisha nikang'oa magugu yaliyokuwa upande wa kichwa. Ya upande wa miguu niliyaacha, kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma na watu wa mfanyabiashara walikuwa wamefika na waya za ua.